Mama wa Meno na Kijiti Chake

Mama wa Meno alikuwa akikusalimu mdomoni. Macho yake hayakupanda kwenye macho yako kabla ya kupita kwenye midomo, kuona kama inafungika vizuri, na kusubiri useme neno ili ayaone meno. Ndipo alipouliza habari za nyumbani. Watu wazima wa Kamina, mji wetu, walilijua jambo hilo, na wengine walimjibu kwa kutikisa kichwa tu, midomo imebanwa. Watoto hawakuwa na ujanja huo. Mtoto akicheka mbele yake, ameshapimwa.

Nimemkumbuka sana mwaka huu kwa sababu ya jino moja. Binti yangu ana miaka saba, na jino lake la mbele la juu, la kwanza la ukubwani, liliota nyuma ya meno ya chini. Alipofunga kinywa, lilijificha ndani. Langu liliota hivyo hivyo nilipokuwa na umri wake, na Mama wa Meno ndiye aliyelivusha mbele. Jambo moja nililijua tangu utoto, kwa kuwa alilirudia mpaka likatuchosha: kazi hiyo ina wakati wake. Jino likiwa bado linashuka, linasikia. Likishamaliza kushuka na kufungwa nyuma ya wenzake, linataka vyuma vya kunyooshea meno, na vyuma viko Lubumbashi. Kwa hiyo nilikuwa na wiki chache, na sikuwa na hakika ya kitu chochote.

Mimi ni mpiga picha. Sikusomea. Nilijifunza kwa simu, kwa kuharibu na kurudia. Napiga picha za paspoti, za ndoa, za ubatizo, na za familia za wanajeshi wa baze, kambi yetu ya jeshi, wanaotaka kutuma sura zao kwa ndugu walio mbali. Picha ambayo mteja ameshaipenda, mimi naomba kuirudia kwa sababu kola imelala upande. Mke wangu anasema hata chai naikoroga kama mtu aliye kwenye mtihani. Jino la mtoto wetu nililiona kwenye picha kabla ya kuliona kinywani: nilikuwa najaribu mwanga wa dirisha, yeye akacheka, nami nikaikuza picha mpaka ikabaki safu ya meno tu. Tangu siku ile sikulala vizuri.

Chumba cha Mama wa Meno kilikuwa kwenye dispanseri ya kanisa. Kilikuwa na kiti kimoja cha chuma na dirisha kubwa, ambalo alilipenda kuliko taa yoyote. Hakuanza na kinywa. Alianza na mikono. Alimshika mtoto mikono yote miwili kama anayemsalimia mgeni wa heshima, akaigeuza, akatazama vidole gumba. Kimoja kikiwa cheupe na laini kuliko mwenzake, alimgeukia mama amwulize sababu.

"Hii gumba inaoga kila usiku. Ingine haiogake. Juu ya nini?"

Mama akacheka kwa aibu. Mtoto akaficha mkono mgongoni. Mama wa Meno hakumgombeza mtoto yeyote kwa kunyonya kidole. Aliwaita wavulana "papa" na wasichana "mama", kama wazazi wetu wanavyofanya, na akazungumza nao kwa upole wa mtu anayeomba kitu: "Papa, hii kidole iko inasukuma meno yako nje. Tuifanye namna gani, weye na minyi?" Mtoto mwenyewe ndiye aliyependekeza dawa: soksi mkononi, au kulala amekumbatia kitu. Kisha Mama wa Meno akawauliza wazazi kama mtoto anakoroma, kama analala kinywa wazi, kama mto wake unalowa. Wazazi walishangaa kwamba mtu wa meno anauliza habari za pua.

Aliamini meno ya maziwa kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Kwetu, jino la mtoto likianza kulegea, nyumba nzima inapata haraka. Shangazi analeta uzi, mjomba anaufunga mlangoni, na jino linatupwa juu ya paa ili lije jipya. Yeye hakuupinga mchezo wa paa. "Mutupe," aliwaambia. "Lakini mungoje ianguke yenyewe. Kwani paa iko inakimbia?" Halafu akawaeleza kwa mfano wa kanisani, ambako mtu akitoka kidogo, mwenzake anaweka kitabu kwenye benchi kumtunzia nafasi. "Jino ya maziwa iko inachunga kiti ya mwenzake. Ukiing'oa mbele ya saa yake, jirani anasogea. Mwenye kiti akifika, anabaki amesimama."

Lakini huyo huyo angeweza kuling'oa jino la maziwa bila huruma, pale alipokuta la ukubwani limechomoza nyuma yake na lile la zamani halitaki kutoka. Mzazi mmoja alimkumbusha maneno yake ya benchi.

"Nilisema ichunge kiti," akajibu, koleo tayari mkononi. "Sikusema ilale mule."

Kazi iliyompa sifa ilikuwa ya kijiti. Kilikuwa bapa, kama kile ambacho daktari anakandamizia ulimi, na dispanseri ilipoishiwa, seremala wa kanisa alimchongea vingine kwa mti mweupe, akavipiga msasa, na yeye akavichemsha. Ncha iliingia nyuma ya jino la juu lililokosea njia, kijiti kikalalia meno ya chini, na mtoto akauma polepole, ili nguvu ya taya lake mwenyewe isukume jino mbele. Hakuhitaji kuuma kwa nguvu. Aliuma mpaka fizi ipauke kidogo, basi.

Tatizo lilikuwa muda. Mzazi asiye na saa alikisia, na mwenye saa aliitazama mara moja akaenda kuchochea moto. Kwa hiyo alipima kwa nyimbo. Beti moja ya wimbo wa kanisani, mwendo wa polepole, mtoto anauma, kiitikio, anapumzika. Na kwa kuwa mtoto mwenye kijiti kinywani hawezi kuimba, aliyepaswa kuimba ni mzazi. Ujanja wote ulikuwa hapo. Mzazi anayeimba hawezi kuondoka.

Mama yangu alikuwa wa kwaya, na kwake ile ilikuwa sikukuu. Aliniimbia kabla ya shule, baada ya chakula na kabla ya kulala, na majirani walidhani tumepata baraka fulani. Mimi nilikaa kwenye kigoda, mate yakinitiririka, nikimwangalia kidevu kinavyopanda na kushuka. Nakumbuka zaidi uso wake kuliko kijiti.

Si wote waliokuwa na mama wa kwaya. Ajida mmoja wa baze, askari mwenye cheo, mtu wa Mbandaka, hakujua wimbo hata mmoja wa makanisa yetu, akamwimbia mwanawe wimbo wa gwaride. Mtoto akawa anauma na kuachia, anauma na kuachia, kwa mwendo wa buti. Jino halikusogea, ila taya lilimuuma. Mama wa Meno akamwomba aimbe mbele yake. Ajida akasimama wima, akaimba.

"Ajida," akamwambia, "jino haiko kwenye défilé. Uko na wimbo ya kulalisha mutoto?"

"Iko moja, ya mama yangu. Lakini ni ya Lingala."

"Jino ya huyu mutoto inasikia Lingala. Imba."

Akaimba, na wanawake waliokuwa kwenye benchi nje wakaacha mazungumzo yao. Mtoto aliuma kama inavyotakiwa, na siku zilizofuata jino likavuka.

Yupo pia bibi mmoja mzee aliyeachiwa mjukuu. Alirudi dispanseri baada ya wiki kadhaa kulalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Mama wa Meno akamuuliza kama aliimba. Aliimba, tena beti zote mpaka ya mwisho, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Na kijiti? Kijiti kipo sandukuni, kimefungwa kwenye kitambaa safi, kisije kikachafuka.

Benchi zima lilitaka kucheka. Yeye aliwakata kwa jicho, akainama mbele ya yule mzee. "Kosa ni yangu, nkambo. Nilikufundisha wimbo, sikukufundisha kijiti. Tuanze upya." Kuanzia siku hiyo hakumruhusu mzazi yeyote kwenda nyumbani kabla ya kuifanya kazi yote mbele yake, hata kama foleni ilikuwa imefika langoni.

Foleni, kwa kweli, mara nyingi ilikuwa kosa lake. Alichelewa kila mahali. Alichelewa kazini, alichelewa kwenye ndoa, alifika kwenye mazishi watu wanarudi. Mtu huyo aliyekuwa mkali kwa wiki za jino hakuwa na adabu yoyote kwa saa. Aliwapigia kelele wauza biskuti mbele ya shule, kisha ukamkuta njiani jioni anatafuna muwa, maganda yakimfuata nyuma. Nilimwuliza siku moja. Akasema muwa unampa mtu kazi ya kutafuna, na mtu anayefanya kazi anastahili kulipwa. Bado sijui kama ilikuwa jibu.

Na meno yake mwenyewe yalikuwa yamepandana. Mawili ya mbele yalivukana kama miguu ya mtu aliyekaa barazani, naye alicheka nayo wazi, bila mkono mdomoni. Nilipokuwa mdogo nilimwambia, kwa ile jeuri ya watoto:

"Mama, mbona yenu haikunyooka?"

"Papa, wakati nilikuwa na miaka yako, minyi sikuwe bado dentiste."

Hakuna aliyewahi kumwona akimfungulia dentiste mwingine kinywa chake. Watu wa dispanseri walisema aliogopa sindano.

Waliokuja kwake na kurudishwa nyumbani ni wengi kuliko aliowatibu. Hilo watu walilikasirikia. Mtu amevaa viatu vizuri, ameomba ruhusa kazini, amemleta mtoto, na anaambiwa angoje. Karani mmoja mwenye tai alimleta binti yake wa miaka minane, mwenye mwanya mpana katikati ya meno mapya ya juu, akataka ufungwe. Mama wa Meno alimwonyesha kwa vidole jinsi meno ya chonge yatakavyoshuka baadaye pembeni na kuyasogeza yale ya mbele.

"Na kama haitafunga?" karani akauliza.

"Basi ataolewa na mwanya. Utaona vile bachumba batakuwa bengi."

Alikuwa na sababu ya kuwaogopa wenye haraka. Mvulana mmoja wa shule ya msingi alichukua mpira mdogo, ule wa kufungia vifurushi, akauvisha kwenye meno yake mawili ya mbele ili azibe mwanya. Mpira ulipanda chini ya fizi, ukapotea. Mtoto hakusema, mpaka meno yakaanza kulegea. Mama wa Meno alikaa naye mchana mzima dirishani akautafuta, akaupata, na meno yakasalimika. Kesho yake alifika shuleni, kwa mara moja ile kabla ya kengele, akapita darasa hadi darasa akiwa ameushika ule mpira kwa kibano. Nilikuwa darasa la pili. Bado nauona.

Na alijua kushindwa. Kabla ya kuanza kijiti kwa mtoto yeyote, aliomba aletewe baba, au mjomba, amtazame kidevu. Palikuwa na msichana ambaye jino lake lilivuka vizuri, watu wakafurahi, na alipofika umri wa kuvunja ungo taya la chini likakua mbele kama la babu yake, na meno yakarudi kulekule. Mama wa Meno alimsimulia kila mzazi habari hiyo, bila kuulizwa. "Jino, naweza kuisukuma. Mufupa ya ukoo wenu, siwezi." Alisema siwezi kwa sauti ile ile aliyosemea naweza. Mimi, ambaye nikishindwa jambo dogo nataka kuzima simu na kujifungia, nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa ujuzi wake.

Sasa nirudi kwenye jino la binti yangu. Dentiste aliyepo dispanseri siku hizi ni kijana mwema. Alimtazama, akaniambia kweli: anang'oa, anaziba, anasafisha, lakini jambo la kijiti hajawahi kulifanya. "Yule mama aliyekutengeneza weye, iko nyuma ya gare. Nenda kwake mbele ya kwenda Lubumbashi."

Sikwenda siku ile. Nilikwenda nyumbani nikatazama video. Nikachora jino kutoka pembe zote. Nikachonga vijiti kwa mbao ya fremu za picha, nikavipiga msasa, nikavikataa kimoja baada ya kingine, huku jino likishuka. Mke wangu, ambaye anauza samaki wakavu wa Mulongo sokoni na hana muda wa mambo yangu, aliviona vimejaa mezani.

"Unatengeneza kijiti ao unajenga kanisa?" akaniuliza. "Kesho unamupeleka mutoto. Kama hauendi, nitafunga biashara nimupeleke minyi."

Tulimkuta Mama wa Meno kwake nyuma ya gare, stesheni ya treni, alikostaafia, amekaa nje mbele ya mbabula, sufuria ya maharagwe juu ya makaa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, si kidogo. Kijiko alikishika kwa mikono miwili. Aliinua macho, yakapita mdomoni mwangu.

"Weye njo ule wa jino ya kushoto," akasema. Jina langu hakulikumbuka, wala sikumwambia.

Akaniita karibu, akanishika kidevu kama mtu anayechagua embe sokoni, akanigeuza huku na huku. Kisha akamwita mtoto, akamshika mikono yote miwili, akatazama vidole gumba, akamwambia afungue kinywa kuelekea jua. Alitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu, nimefungua michoro.

"Mama, nilifikiri pembe iwe hivi, na nguvu..."

"Weka simu. Jino bado inashuka. Ulikawia, lakini haujachelewa. Kijiti iko wapi?"

Nikamtolea vijiti vyote. Akachukua kile kibaya kuliko vyote, kinene kidogo nchani, akanirudishia.

"Hii. Fanya."

"Mama, minyi? Ninyi njo munajua."

Akanyoosha mikono yake mbele yangu, akaiacha itetemeke. "Na hii mikono? Nitamupiga mutoto jicho. Yako pia iko inatetemeka, lakini yako ni woga tu. Itapita. Ingiza. Sasa imba."

Hapo ndipo nilipotamani kurudi nyumbani. Sijawahi kuimba mbele ya watu. Kanisani nachezesha midomo. Mama yangu aliacha sauti yake kwa dada zangu, na mimi tangu utoto najisikia ninapopotea kwenye noti, na nikijisikia nanyamaza. Nikasema mke wangu anaimba vizuri, tutafanya jioni.

"Ataimba siku yake. Leo njo weye ulikuja."

Mtoto alikuwa ananiangalia, kijiti kinywani, mate yakianza kumdondoka kidevuni. Nikaanza wimbo wa mama yangu. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili niliupandisha mahali unapotakiwa kushuka, nikajua, nikasimama.

"Juu ya nini unasimama? Mutoto iko anauma."

Nikaendelea na sauti yangu ile mbovu mpaka mwisho wa beti. Mama wa Meno hakuitazama sura yangu hata mara moja. Alikuwa anatazama fizi. Ilipopauka, akajipiga gotini kwa kiganja. "Pale njo mwisho. Usipite pale. Pumzisha." Tukarudia mbele yake mpaka maharagwe yakaiva, na kila beti nilikosea palepale, na kila mara fizi ikapauka sawasawa.

Wiki zilizofuata niliimba asubuhi, mchana na jioni. Mke wangu alisikia mara ya kwanza akatoka nje kucheka, kisha akazoea. Siku moja meno yalikutana ncha kwa ncha, nami sikulala kwa hofu kwamba yatavunjana. Halafu, mchana mmoja, binti yangu alirudi na hindi la kuchoma mkononi, akasimama mlangoni.

"Papa, mahindi inakatika na mbele."

Nikampiga picha, nikaikuza. Jino lilikuwa limevuka. Limekaa mbele ya meno ya chini, mahali pake.

Tulirudi nyuma ya gare na kilo ya samaki wakavu ambao mke wangu aliwafunga mwenyewe. Mama wa Meno hakuomba kuona kinywa. Alimpa mtoto pera, akamwambia aume, akalichukua tena, akaligeuza kwenye mwanga na kutazama alama za meno, akamrudishia.

"Imepita," akasema. "Sasa meno ya chini itaichunga, haiwezi kurudia. Kijiti?"

Nilikuwa nacho mfukoni. Nilitembea nacho kila mahali. "Mama, lile la pembeni limegeuka kidogo. Si sana. Nilifikiri kama tungeendelea kidogo, labda..."

"Ile imegeuka kama watoto wote. Iache."

"Kidogo tu, Mama."

"Lete."

Nikampa. Akakishika kwa mikono yake miwili, akainama, akakisukuma kwenye makaa ya mbabula, chini ya sufuria. Kilitoa moshi kidogo, kikawaka upande mmoja, kikakunjika. Nilikitazama mpaka kikawa makaa kama mengine, na mkono wangu ukarudi mfukoni kukitafuta.

Binti yangu alikuwa amemaliza pera. Alikuwa amekaa chini karibu na moto, anaimba peke yake wimbo wa bibi yake, kinywa wazi, na alipofika mstari wa pili akaupandisha pale ambapo unatakiwa kushuka, sawasawa na mimi.

Nikafungua kinywa nimsahihishe. Mama wa Meno aliniangalia mdomoni, akingoja nitasema nini.

Nikafunga. Akarudi kukoroga maharagwe yake.